Ujana wa Bi Batulo

Batulo, mjane mwenye wajukuu, muuza madira Eastleigh, alijiona msichana tena. Hedhi aliyoiaga miaka mingi nyuma ilikuwa imerudi, na matiti yamejaa. Akamshukuru Mungu kimyakimya, maana jambo kama hilo utamwambia nani? Na kwa kuwa aliijua sheria ya hedhi, katikati ya Ramadhani akaacha kuswali na kufunga, akawa anakula sambusa kwa kujificha nyuma ya majora ya vitambaa.

Huko ndiko Leyla, mke wa mwanawe Mahad, alikomfumania mdomo umejaa.

"Mama, unaumwa?"

"Niko kwa siku zangu," Batulo akajibu, tena kwa maringo.

Leyla hakucheka. "Umri wako hakuna siku, Mama. Hiyo ni ugonjwa. Hata ustadhi angekuambia uswali. Twende hosi."

Batulo alinuna siku nzima. Kesho yake akaenda hospitali, ili tu amkomeshe mkwewe.

Picha ilionyesha uvimbe kwenye ovari ya kushoto, mkubwa kama chungwa. Vipimo vya damu vikaonyesha homoni za kike zimepanda kupita kiasi. Daktari Nerima alieleza polepole kwamba uvimbe wa aina hii ni nadra, na wenyewe ndio unaotengeneza homoni hizo. Ule ujana ulikuwa wa bandia.

"Nafikiri ni saratani, mama, lakini ya mwendo wa pole. Tukiutoa kabla haujasambaa, tunashinda."

Batulo alimlilia Leyla begani mpaka shela ikalowa. Hakutaka kufa, na hakuona haya kulisema.

Madaktari wakatoa ovari zote mbili pamoja na kizazi. Majibu ya maabara yalithibitisha saratani, ila haikuwa imevuka popote. Dawa kali hazikuhitajika. Angerudi kliniki kwa miaka mingi tu, kwa kuwa saratani hii ina tabia ya kurudi hata muda mrefu ukishapita.

"Nitakuja hata na mkongojo," Batulo akasema.

Dukani aliwasimulia wateja yote, bila kupunguza sauti, damu na kizazi na vyote. Mahad alikimbilia nje kwa aibu. Wanawake wakacheka, isipokuwa Yurub, jirani yake mzee, aliyeliweka dira mezani taratibu.

"Mimi nilidhani ni baraka," Yurub akanong'ona. "Natokwa damu tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi."

Batulo alikuwa tayari anavaa viatu. Akamshika mkono, akamwita Mahad aje auze, wakatoka.