Siku Bi Nélida Alipotangazwa Marehemu

Bi Nélida Etcheverry alikuwa na tovuti ya vifo. Mtu akifa hapa mjini, kabla hajapoa alishaandikwa humo pamoja na jina lake la utani, maana Rubén Olivera hakuna aliyemjua, lakini Chura walimjua wote.

Dada yake, Zulma, yuko Barcelona. Miaka tisa hawasemezani. Mama yao alipofariki, Nélida alitangaza kwanza, simu akasema atapiga baadaye. Zulma akasoma msiba wa mama yake kwenye tovuti kama mtu baki. Tangu hapo, kila tangazo lilipowekwa pia kwenye ukurasa wake wa ule mtandao mkubwa wa kijamii, Zulma aliweka kidole gumba. Basi. Hicho kidole ndicho kilikuwa barua yao.

Halafu wenye mtandao wakaufunga ukurasa, eti unahuzunisha watu. Sasa kifo kichekeshe? Kidole kikapotea.

"Binamu anasema Zulma kahamia kwenye hiyo mitandao isiyomilikiwa na tajiri mmoja," Bi Nélida aliniambia, akinipa kibuyu cha chai chungu. "Wewe si fundi wa kompyuta? Nipeleke huko."

"Huhami, Bi Nélida. Tovuti inabaki hapa hapa. Naiongezea kiunganishi, wa huko wanaifuata, ukiandika wanapata. Wakijibu, jibu linakuja chini ya tangazo lako."

Nikaunganisha, binamu akasambaza jina. Wakaja wafuasi arobaini, wote watu wetu walio ughaibuni, Zulma akiwemo, lakini hata kidole hakuweka.

"Mtumie na matangazo aliyokosa," Bi Nélida akaamuru.

Palikuwa na kisanduku: tuma habari zote za zamani. Nikakibonyeza, mimi na kiherehere changu.

Kuna kitu kimoja hakuniambia. Watu wa hapa hawaamini familia zao, kwa hiyo humwendea wakiwa wazima wakajiandikia matangazo yao wenyewe, naye huyaweka kwenye kurasa zilizofichwa, ambazo hakuna njia ya kuzifikia. Mashine haikuuliza njia. Ilituma yote.

Kufika saa nne asubuhi, watu kumi na wanane walio hai walikuwa marehemu. Mwoka mikate akaingia na unga mikononi.

"Nimekufa lini? Mke wangu anapigiwa simu za rambirambi kutoka Madrid, na anazipokea kwa raha, mshenzi yule!"

Nikafungua orodha nifute. Tangazo la mwisho lilikuwa la Nélida Etcheverry, "Ulimi": *Maua msilete, leteni divai. Naacha dada mmoja, Zulma. Nilimkosea, na nilikuwa mkaidi mno kumwambia.*

"Futa hilo!" Bi Nélida akapiga kelele. "Futa haraka!"

Nilishachelewa. Chini yake palikuwa na jibu, na safari hii halikuwa kidole: *Tangazo la Mama nililisoma hapa. Lako siliamini mpaka nisikie sauti yako. Pokea simu, mjinga wewe.*

Simu ya mezani ikaanza kuita.

"Mwambie nimeshakufa," akasema, macho yamemjaa machozi.

"Mwambie mwenyewe."

Akaiacha iite mara mbili, kwa maringo. Ya tatu akaidaka.

"Nani mjinga?" akasema, akivuta kiti akae.