Aina ya Ukuta

Orodha ya aina za ukuta, kwenye maombi ya kibali cha ujenzi katika kompyuta ya ofisi ya mji, ilikuwa na mawe, matofali ya saruji, matofali ya kuchoma, mabati na mbao. Chini kabisa palikuwa na "Mengineyo". Udongo haukuwemo.

"Hebu pandisha juu tena," mama alisema, kana kwamba ungejitokeza kwa kubembelezwa.

Nikapandisha. Nikashusha. Haukuwemo.

Kiwanjani kwetu matofali ya mama yalikuwa yamepangwa chini ya maturubai. Ni udongo tuliouchimba kwenye msingi wenyewe, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Tanuri haikuyagusa. Mama alibeba matofali ya kuchoma ya watu tangu sijazaliwa, mpaka kifua chake kikakataa moshi na kilima cha nyuma ya tanuri kikabaki upara. Akaapa kuwa nyumba yake haitakula hata ukuni mmoja. Sasa kilikosekana kibali tu, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Tofali letu likishaingia ukutani chini ya paa halina neno, lakini likilowa kwenye rundo linaanza kumomonyoka pembeni.

Nikabofya "Mengineyo". Mfumo ukataka cheti cha maabara. Nilikuwa nacho. Matofali niliyapeleka mwenyewe chuoni kwetu, yakakandamizwa hadi yakavunjika, yakafaulu. Nikapakia cheti. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maandishi mekundu: *Tafadhali chagua aina ya ukuta.*

"Si nimeshachagua!" niliifokea kompyuta, mimi ambaye mtu akinikanyaga naona haya kumwambia atoe mguu.

Mjomba akacheka. Ni mdogo wake mama, na ndiye fundi mwashi wetu.

"Msomi, utazeekea hapo. Bofya saruji twende zetu."

"Lakini si saruji, Mjomba."

"Kwani kompyuta itakuja kuonja?"

"Na mkaguzi akija?" mama akauliza. "Jirani si alibomolewa ukuta? Kibali kilisema hivi, ukuta ukasema vile."

"Yule hakujua kuongea na mkaguzi, dada."

"Na mimi sijui. Twende kwa karani."

Karani alikuwa kijana mwenye macho mekundu kwa kukodolea skrini. Nilimwonea huruma kabla sijamkasirikia. Nikamweleza kwa sauti ndogo mno, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Udongo haumo, dada yangu, kwa sababu hakuna anayejengea udongo," alisema. Akatugeuzia skrini yake yenye grafu. "Tazama. Zamani mafaili yalikuwa yanaliwa na panya, hatukujua chochote. Siku hizi kila kibali kinahesabiwa. Mfumo unatuonyesha mji unatumia saruji kiasi gani, kuni za tanuri kiasi gani, na kwa hiyo tupunguze wapi. Saruji hii hapa, mlima. Kuchoma, kilima. Udongo, sifuri. Mhandisi wa vifaa hawezi kufungua kipengele cha kitu ambacho hakipo."

Sifuri! Mtaa wetu wa nyuma karibu wote ni udongo uliopigwa lipu. Nikamgeukia mjomba.

"Mjomba, nyumba ngapi za udongo umejenga?"

"Aa, nyingi. Siwezi kukutajia."

"Na kwenye maombi uliandika nini?"

Akajikuna shingo. "Saruji. Si ndiyo njia? Kila fundi anaandika hivyo. Udongo haumo kwenye orodha."

"Haumo kwa sababu mnaandika saruji!"

"Na tunaandika saruji kwa sababu haumo. Sasa mimi nifanyeje, nilale chini?"

Karani aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa akizuia kicheko. Mimi sikuwa na hamu ya kucheka. Niligeukia benchi la waliokuwa wakisubiri. Mafundi wawili walikuwa na udongo mwekundu kwenye kucha.

"Samahani," nikasema, na masikio yangu yakawaka moto. "Kuna mwingine hapa anayejengea udongo?"

Mmoja alitazama dari. Mwingine akaficha mikono mapajani. Mwanamke mmoja akasema, "Binti, unatuchelewesha."

Nilitamani sakafu inimeze. Karani akasema polepole, "Rekodi za zamani zinarekebishika. Fundi anaingia kwenye akaunti yake, anasahihisha, na anayejisahihisha mwenyewe hatozwi faini. Mfumo hauna macho, unaona mlichouandikia tu." Aliposema hivyo hakumtazama mjomba, na mjomba hakumtazama yeye.

"Na ombi letu la leo?" mama akauliza.

"Nikiandika saruji, mnatoka na kibali sasa hivi. Nikiingiza Mengineyo kwa mkono, linakwenda kwa mhandisi. Mvua inaweza kumtangulia, mama. Sitaki kukudanganya."

Mama alikohoa, kile kikohozi chake kirefu cha tanuri, na sote tukangoja kiishe.

"Andika ukweli," akasema.

"Dada!"

"Nimesema aandike."

Mjomba alitoka nje bila kuaga.

Tulirudi kiwanjani, mama na mimi, hatuna kibali. Upepo ulikuwa unapekua maturubai. Tuliyavuta huku yakafunuka kule, tukaweka mawe, upepo ukayatikisa kama unatudhihaki. Nililia kidogo nikiwa upande wa pili wa rundo, mama asinione. Ukweli tulikuwa tumeuandika, lakini haukuwa turubai la kufunika matofali.

Matone ya kwanza yakaanguka. Ndipo mjomba alipotokea, turubai lake kubwa la kazi begani, uso umekunjwa.

"Shika huko, msomi. Wewe dada, kaa pembeni na kifua chako."

Tukafunika, tukafunga kamba. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu yake, akanisogezea bila kunitazama.

"Nionyeshe pa kurekebisha. Tuanze na nyumba ya mwenye duka, ile niliyoiandika saruji."

Nikafungua ukurasa. Akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja kinene chenye lipu.

*Neno la siri si sahihi.*

"Mungu wangu," mjomba akasema, akafuta tone la mvua kwenye kioo, akaanza upya.