Kuhani Nje ya Ukuta

Tangu mkewe azikwe, Heskel Kohen alimzuru kwa kusimama nje ya ukuta.

Alikuwa kuhani, mzao wa Haruni, na Torati inamkataza kuhani kukanyaga penye makaburi, isipokuwa siku ya kumzika mzazi, mke, mtoto au ndugu wa damu. Siku ya kumzika mkewe Mazaltob aliingia, akazika, akatoka. Hakuingia tena. Wayahudi wenzake wa Rangoon, huko Burma, waliuita msimamo huo ukaidi wa mwalimu mstaafu. Yeye aliuona ni mali pekee ambayo serikali haikuweza kumtaifishia.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, alikwenda huko na Nissim Yadgar, fundi saa. Nissim aliingia. Heskel alibaki barabarani, kofia kichwani.

"Mheshimiwa Kuhani!" Nissim alipaza sauti kutoka ndani. "Mkeo anakusalimu. Anauliza hilo shati nani kakupigia pasi, maana ni aibu tupu!"

"Tazama jiwe, acha upuuzi."

"Jiwe limeinama kidogo, kama wewe. Nyasi nimeng'oa. Kuna mjusi hapa, mnene kutushinda sote, anaota jua juu ya jina lake. Nimfukuze?"

"Mwache," alisema Heskel. "Angalau ana mwenzake."

Makaburi hayo yalianzishwa na mababu waliotoka Baghdad wakifuata biashara ya mchele na mbao za misaji. Walitajirika, wakajenga sinagogi, wakawalaza wazee wao chini ya mawe yaliyochongwa Kiebrania. Kisha Wajapani wakaja, na wengi wakakimbilia India kwa miguu. Waliofia njiani hawana jiwe lolote. Waliorudi walikuta nyumba zao zina wenyewe wapya, bali makaburi yalikuwa yanawasubiri. Halafu maduka yakataifishwa, vijana wakaenda zao Sydney, London na Yerusalemu, hata waliolala ndani ya ukuta wakawa mji mzima, na walio nje wasitoshe kuizunguka meza moja.

Mvua za mwaka huo zilipokaribia kukatika, Nissim alifia usingizini, katika chumba kilicho juu ya duka lililokuwa lake. Hakuacha mke, mtoto wala ndugu.

Ipo amri nyingine, nzito kuliko ile ya kwanza: maiti asiye na wa kwao wa kumzika humlazimu hata kuhani aingie amzike. Heskel aliijua tangu utotoni. Mara alipoikumbuka moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtisha. Rafiki yake hajaoshwa bado, naye keshaanza kuliona jiwe la Mazaltob! Je, alikuwa anaitii amri, au ameivaa kama koti la kuazima ili apite mlangoni?

Mjini alibaki mwanamume mmoja tu wa kwao asiye kuhani: mzee Sion Abudi, aliyetunzwa na mkwewe, mwanamke wa Kiburma. Ikiwa Sion angeweza kuzika, Heskel asingekuwa na ruhusa. Alichukua mwavuli akaenda kumuuliza.

"Nani huyo?" Sion aliuliza kutoka kitandani.

"Heskel. Nissim amefariki."

"Yule mpuuzi," alisema mzee. "Aliniahidi atanizika mimi."

"Nimekuja kujua kama unaweza kwenda makaburini."

"Na wewe je?"

"Ukiweza wewe, mimi siruhusiwi."

Sion alimtafuta kwa macho yenye ukungu. "Yaani umetembea kwenye mvua yote hii kuniomba nikufungie mlango? Mazaltob wako si yumo humo?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Loo, Heskel! Ungezaliwa jiwe ungekuwa na moyo laini zaidi." Akafunua blanketi. Miguu ilikuwa imevimba, imebadilika rangi, mmoja umefungwa vitambaa hadi gotini. "Tazama mwenyewe. Hata chooni nabebwa. Au unataka niape?"

"Sitaki. Nimeona."

"Basi kamzike mwenzio. Na ukiwa humo pita umwone mkeo, mjinga wewe. Mungu hahesabu hatua."

"Mimi nahesabu," alisema Heskel.

Alimwosha Nissim kwa mikono yake, akamvika sanda. Mlinzi wa makaburi, Thein Pe, alikuja na nduguze wakambeba. Langoni Heskel alisita, akavuta pumzi, akaingia. Nyasi zilimfika kiunoni. Mwili uliposhushwa aligeuza koleo, akamwaga udongo wa kwanza kwa mgongo wa koleo hilo, kama ilivyo desturi, ili isionekane kuna haraka ya kumfukia. Alifukia mpaka shimo likajaa. Sala ya wafiwa hakuisoma. Hiyo huhitaji wanaume kumi wa Kiyahudi, naye alikuwa mmoja. Alisoma zaburi, akafunga kitabu.

Thein Pe alimkaribia. "Mwalimu, Mama yuko pale tu, nyuma ya ule mti. Nimemfyekea asubuhi, nilijua utakuja. Twende nikupeleke."

Heskel aliyainamisha macho, asiuone hata huo mti.

"Nissim amekwisha kuzikwa?"

"Amekwisha, Mwalimu. Si umemzika mwenyewe?"

"Basi na ruhusa yangu imekwisha."

"Ruhusa ya nani? Humu hamna mtu!"

Heskel alimrudishia koleo. "Jiwe lake," alisema, "bado limeinama?"

"Limeinama. Nimeliegemeza tofali."

"Ahsante. Kuna njia nyingine ya kutokea, isiyopita pale?"

"Ipo, ila ni matope matupu."

"Tupite hiyo."

Walipita. Matope yalimvua kiatu kimoja, akakichomoa bila kugeuka nyuma. Nje ya lango Thein Pe alimmiminia maji mikononi kwa kopo, akampa kitambaa. Heskel alikikataa kwa kichwa, maana atokaye makaburini hafuti maji hayo. Alishika njia ya mjini peke yake, amenyoosha mgongo, mikono ikimchuruzika.