Kiziwi wa Likizo

Wanangu huja likizo ya mwisho wa mwaka kama watu wanaokimbia mvua. Mlango unafunguka, mabegi yanatangulia, zinafuata kelele, na wenyewe wanaingia mwisho. Mwaka huu nilisimama sebuleni na gauni langu jipya, nimetega masikio. Nilikuwa nangoja neno moja tu.

"Bibi, shikamoo!" akaita binti yangu kutoka getini.

"Bibi, shikamoo! Umenenepa!" akafuatia mdogo wake wa kiume.

Nikaitikia marahaba kwa wote wawili, lakini moyo ukaninyong'onyea.

Chanzo cha mambo haya nakijua. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, hatulii hata akilala, ndiyo maana tunamwita Kiroboto. Alipoanza kusema, ukoo mzima ulijitwika kazi ya kumfundisha. Huyu nani? Bibi. Mwite Bibi. Mpe Bibi kijiko. Mtoto alishika somo upesi sana. Sasa yuko darasa la tatu, anajua kuzidisha na kugawanya, ila walimu wake bado hawajafunga shule. Binti yangu ananiita Bibi. Mwanangu wa kiume, ambaye hana hata mtoto wa kumsingizia, naye ananiita Bibi. Mtu pekee anayeniita Mama humu ndani ni mkwe wangu, mume wa binti, ambaye sikumzaa, na ambaye mama yake mzazi yu hai na ana afya kunishinda.

Kiroboto na aniite Bibi mpaka sauti imkauke, nitafurahi. Hawa wawili wengine niliwabeba tumboni, nikawalea, nikakesha nao wakiota meno. Nilitaka kuitwa Mama. Na nilitaka lije lenyewe, maana singeenda kuomba jina hilo kwa watu niliowazaa mwenyewe.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nikatia pamba masikioni. Si pamba ya kweli. Binti yangu aliita kutoka jikoni, "Bibi, chumvi iko wapi?" Mimi nikaendelea kukunja taulo zangu. Akaita tena. Nikakunja nyingine. Chumvi yenyewe iko palepale ilipokuwa tangu yeye akiwa na mapengo.

"Mama, naomba maji," akasema mkwe kwa sauti yake ya chini, kutoka upande wa pili wa sebule.

"Haya, mwanangu," nikasema, nikainuka mara moja.

Binti yangu akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akamtazama yeye. Nikajua yameanza.

Mtu mwingine angefikiri, huenda mama amenuna, tumuulize. Wanangu ni watu wa kazi. Binti ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, anaishi kwa kupiga kelele kushinda mashine. Mdogo wake ni fundi wa lifti, na kwake kila kitu kisichoitika kina waya uliolegea. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshakubaliana kwamba mama yao ni kiziwi.

"Ni zile simu," fundi akasema, mbele yangu kabisa. "Miaka yote hiyo na vidude masikioni."

Hapo nusura nicheke. Mimi ni mpokea simu wa hospitali. Kutwa nakaa katika chumba kisicho na dirisha, taa ndogo zinawaka mbele yangu, naunganisha watu: maabara, wodi ya wazazi, daktari wa zamu. Namjua anayetaka kulia kabla hajasema haloo. Masikio haya ndiyo yaliyowasomesha hao wanaoyahukumu.

Lakini nikapiga kimya, na nikiri kwamba mchezo ulininogea. Fundi alinimulika sikio kwa tochi, akampa dada yake taarifa kwamba ndani hamna kutu. Akadondosha mfuniko wa sufuria nyuma yangu. Kiroboto akaruka, mkwe akamwaga chai, mimi nikageuza ukurasa wa gazeti. Kwa kuwa mkwe alikuwa akiita nageuka, wakaamua kwamba nasikia upande wa kulia tu, alikozoea kukaa yeye. Basi kila mlo wakawa wanagombea kiti cha kulia, na mkwe akahamishiwa kushoto. "Mama, nipitishie mboga," akasema kutoka huko. Nikampitishia. Fundi akaweka kijiko chini, akashika kichwa.

Hata simu ilipolia chumbani nikaikimbilia, mwenzangu aliyenishikia zamu likizo hii akiulizia namba ya fundi wa jenereta, nilimsikia binti yangu akieleza: "Amehisi mtetemo sakafuni." Na nyumba yangu ina sakafu ya saruji.

Uzuri wa ukiziwi ni kwamba watu wanasema nawe upo. Nilijua kwamba mapazia yangu yanafanana na shuka za gesti. Nilijua kwamba fundi ana mchumba na anaogopa kuniletea habari. Nikayameza yote, najichekea. Hadi jioni moja niliposikia lisilochekesha.

"Hawezi kubaki peke yake," binti yangu alisema, akipanguza meza kando ya kiwiko changu. "Mtu akivunja mlango atasikia? Chumba cha nyuma kwangu kiko tupu. Tufunge nyumba, aache kazi, nimchukue tukiondoka."

"Ukimwambia atakataa," fundi akasema.

"Nitamwambia siku yenyewe ya safari."

Usiku ule usingizi uliniruka. Nyumba yangu, kazi yangu, chumba cha nyuma! Ningeweza kusema pale pale, jamani nawasikia, na mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini wangecheka, wangeniita Bibi mjanja, na Bibi ningebaki mpaka siku ya kuzikwa. Nikaamua kungoja. Ukaidi huu sikumbuki nimeutoa wapi, ila naona wamerithi wote wawili.

Mchana wa kuamkia safari, wanaume walimpeleka Kiroboto kununua viatu vya shule. Binti yangu alikuwa amepakua chakula cha watu wote, ameosha vyombo, amefunga mabegi. Akaleta kiti barazani, akanionyesha kwa vidole kwamba nikae chini mbele yake, anisuke nywele. Siku hizo alikuwa akisema nami kwa vidole. Nikakaa juu ya kigoda, kisogo kwake, macho yangu kwenye kamba ya nguo.

Akachana, akagawa, akaanza kusuka. Mkono wake mwepesi, nilimfundisha mimi.

Kisha akasema, taratibu, "Mama."

Nilidhani nimesikia vibaya, mimi ambaye sijawahi kusikia vibaya hata namba ya simu.

"Mama, nimechoka."

Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anakiambia kisogo changu, alichokuwa na hakika kwamba hakisikii.

"Nikiamka ni mama soksi, mama daftari, mama kiatu kimepotea. Nikifika kiwandani, vijana wa tanuri nao, mama unga umekwisha, mama mashine imekwama. Hata baba yake Kiroboto siku hizi ananiita mama. Neno lenyewe nimesahau kulisema. Kazi yangu ni kuliitikia tu." Akavuta pumzi, akaendelea kusuka. "Na hicho chumba cha nyuma nimesingizia masikio yako. Ukweli nataka nikirudi jioni nikute mtu wa kuniuliza kama nimekula."

Machozi yakanijaa. Nilikuwa nimelipata neno langu, likizo nzima nimelisubiri, na sasa sikuweza kulipokea. Nikiitika, nimemfumania. Nikinyamaza, amesema na ukuta, na kesho atarudi kwenye tanuri zake akiwa hivyo hivyo. Nikaganda pale juu ya kigoda kama mwizi.

"Mama," akasema tena, chini zaidi, kama mtu anayejaribu kiatu alichokivaa zamani.

"Abee," nikaitika. Mdomo haukuniomba ruhusa.

Vidole vikasimama kichwani. Nikawasikia kuku wa jirani wakiparura.

"Tangu lini unasikia?" akauliza.

"Tangu uliponiita."

Nilimngoja akifikiri. Nilijua anarudi nyuma siku moja moja, anapita kwenye chumvi, kwenye mfuniko wa sufuria, kwa mume wake aliyehamishwa viti bila kosa. Ghafla akanivuta msuko kwa nguvu, mpaka nikapiga yowe.

"Wewe mama wewe!" akasema. "Sisi tunahangaika kukutafutia daktari, kumbe umetununia?"

"Nimewanunia."

Akaanza kucheka. Alicheka akijipiga mapaja, chanuo likaanguka, kisha kicheko kikabadilika katikati ya njia, akaegemeza paji la uso kwenye bega langu. Nikahisi gauni linalowa.

"Kuhama sihami," nikamwambia bila kugeuka, "na kazi siachi. Lakini zunguka huku mbele nikuone, uyaanze tena mwanzo."

Akazunguka, akakaa sakafuni mbele yangu, yule msimamizi wa zamu, macho mekundu na mafuta ya nywele hadi kwenye viwiko. Akafungua mdomo aanze. Nikamwekea kiganja shavuni.

"Kwanza," nikasema, "umekula?"

Akatikisa kichwa. Hakuwa amekula.