Mlango wa Kushoto

Mlango wa kulia ulikaa vizuri tangu mara ya kwanza. Edith Mwaba aliufunga, akapitisha ncha ya kidole kwenye ufa ulio kati ya mlango na ubavu wa gari, na ufa ulikuwa sawa kutoka juu hadi chini. Wa kushoto ndio uliokataa. Akiusogeza nyuma, mbele palibaki uwazi wa vidole vinne. Akiusogeza mbele, nyuma ndiko kulikobaki wazi, na shavu la gurudumu lilipanda juu ya ukingo wa kapo, kile kifuniko cha injini, kama kola iliyokunjwa vibaya.

Gari hilo walikuwa wakilitengeneza wenyewe, yeye na mumewe Sylvain Kapya, katika ua wao wa Katuba. Sylvain, fundi wa kuchomea vyuma ambaye babu yake na baba yake walifanya kazi ya reli, aliunga shasi bomba kwa bomba na kuipa injini ya Corolla iliyogongwa na lori. Mwili wa gari ulikuwa kazi ya Edith. Yeye alizaliwa Kasenga, na kabla ya kuolewa alimsaidia mjomba wake kuziba mashua za wachuuzi wa samaki kwa fibre, ule uzi wa kioo unaolowekwa resini hadi ukauke na kuwa mgumu. Hakuna mtu Katuba aliyeijua kazi ile kama yeye. Kapo, mashavu, milango, vyote vilitoka kwenye kalibu alizozifinyanga kwa mikono yake, na majirani walikuwa wakipita kuchungulia gari dogo la viti viwili lililokuwa likiota pale uani.

"Pengine resini yako ilijivuta, mama Debo," Sylvain alimwambia akiwa amekaa kwenye kigoda, akimwita kwa jina la binti yao. "Hii joto ya mwezi wa kumi iko mubaya."

Edith alimwamini. Miaka yote ya ndoa yao Sylvain alikuwa na makosa yake, lakini juu ya kazi hakuwahi kumdanganya. Kwa hiyo akaanza kuutilia shaka mkono wake mwenyewe. Aliweka vipande vya raba chini ya bawaba, akavitoa. Alipiga msasa ukingo wa nyuma. Mwishowe akachukua msumeno na kuukata mlango upande wa chini ili uweze kuinama, mlango ambao aliupenda kuliko vipande vyote vya gari lile, na bado haukukaa. Usiku alilala akijiuliza kama amezeeka.

Asubuhi iliyofuata Sylvain alisema anakwenda kwa Jeannot, rafiki yake mwenye pikipiki, kutafuta bulo za kukazia bawaba. Edith alibaki peke yake na gari. Akaona heri aanze upya kabisa, asiamini kitu chochote, hata kile kilichoonekana sawa. Alifunga uzi katikati ya mkia wa shasi, akauvuta hadi kwenye nguzo ya mbele ya mlango wa kulia, akafunga fundo pale ulipofika. Kisha akauhamishia uzi uleule kwenye nguzo ya kushoto.

Fundo halikufika.

Alirudia, akidhani mkono umetikisika. Halikufika tena. Nguzo ya kushoto ilikuwa mbele zaidi ya mwenzake kwa vidole vinne kamili. Alipiga magoti, akasugua rangi nyeusi kwa msasa, na chini yake akakuta mshono mpya wa chuma, uliolala magamba magamba kama samaki. Mshono wa Sylvain angeutambua popote. Kando yake palikuwa na kovu la mshono wa zamani, uliosagwa ukawa laini.

Alikaa chini kwenye vumbi. Resini yake haikujivuta. Mlango wake ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza, na mumewe alikaa kwenye kigoda akamtazama anavyoukata.

Alipoinuka aliinamia ndani ya gari bila kujua anatafuta nini, akainua ubao wa sakafu upande wa dereva. Palikuwa na pedali ya mafuta na pedali ya breki. Ile ya kushoto, ya ambreyaje, inayokanyagwa wakati wa kubadilisha gia, haikuwapo. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa bamba la chuma, na kutoka hapo waya ulipanda hadi kwenye fimbo ya gia, ambako mpini wa pikipiki ulikuwa umefungwa kwa skrubu, wa kubanwa kwa vidole.

Sylvain na Jeannot walirudi jua likiwa limesimama juu ya manjanja, yale mabati ya paa. Edith alikuwa bado kando ya gari, uzi mkononi.

"Ba Debo, pedali ya ambreyaje iko wapi?"

Sylvain alimtazama Jeannot. Jeannot akatazama chini.

"Nani alisogeza nguzo?"

"Ni miye."

"Sababu gani?"

Sylvain alikwenda kwenye kigoda chake akakaa polepole. "Mulango ulikuwa mufinyu," alisema. "Muntu wa muguu moya hangeweza kuingia."

Edith alifikiri ni mteja. Alifikiri mumewe ameuza gari kwa mlemavu fulani bila kumwambia, na hasira ikaanza kumpanda kwa sababu hiyo. "Muntu gani?" akauliza.

Sylvain aliinama. Alivua kiatu cha kushoto, akapandisha suruali, akaanza kufungua bendeji. Ilikuwa ndefu. Kabla haijaisha, harufu ilimfikia Edith, akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga gari. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi kama vya mtu aliyekanyaga makaa. Weusi ulikuwa umepanda juu ya unyayo, na penye kifundo ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa.

Cheche ya kuchomea ilikuwa imeingia kiatuni mwezi wa sita. Edith aliikumbuka siku hiyo. Aliosha kidonda mwenyewe, na baada ya wiki Sylvain akasema kimepona. Tangu hapo alioga peke yake na kulala chumba cha mbele, akisema joto linamsumbua. Sukari anayo, jambo hilo walilijua wote. Lakini Edith alishinda kutwa kwenye resini, pua yake imekufa kwa resini, nguo, nywele na godoro vinanuka resini. Mguu wa mumewe ulikuwa umeoza ndani ya nyumba yake na yeye hakuusikia.

Kuku wa jirani alipita chini ya gari akidonoa, na Edith akamtazama hadi alipotokea upande wa pili. Kisha akaanza kukunja uzi.

"Banganga ba hospitali banasema batakata, chini ya goti," Sylvain alisema. "Siku ya kwanza ya juma. Nilitaka gari iishe mbele ya kunikata. Nilikuwa nitakuambia."

"Uliniacha nikate mulango wangu," Edith alisema.

Yeye mwenyewe alishangaa. Katika maneno yote yaliyokuwapo duniani, kinywa chake kilichagua hayo.

"Shemeki," Jeannot alianza, "miye nilimuambia kama..."

"Weye ulikuwa unamupeleka ku hospitali?"

Jeannot aliuficha ufunguo wa pikipiki mfukoni.

Edith aliingia ndani, akampigia simu binti yao Deborah aliyeolewa Likasi. Alitaka kuwe na mtu mmoja wa kupokea habari hii pamoja naye. Alimweleza kwa maneno machache, akangoja kilio. Kilio hakikuja.

"Deborah?"

"Mama, papa alinilomba nisikuambie. Alisema utaacha kazi ya gari, utalia."

Edith aliweka simu mezani bila kuizima. Sauti ndogo ya binti yake iliendelea kuita, mama, mama, naye akakaa akiitazama.

Siku ya kwanza ya juma alikwenda naye hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alidhani Edith anajua kila kitu, kwa hiyo alizungumza bila kuzunguka.

"Ingekuwa vidole viwili tu, mama. Mwezi wa munane tulimuambia, vidole viwili, anarudi nyumbani kisha siku kiloko, mbili ao tatu. Akasema iko na shasi ya kumaliza."

Edith alimgeukia mumewe. Sylvain alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho darini. Edith akashika ukingo wa kitanda. Aliona shasi yote, bomba kwa bomba, na jioni zile walizokula bukari na samaki kando yake, wakicheka. Alikuwa amemhimiza. Alikuwa akimwambia afanye haraka, kwa sababu mwili ulikuwa tayari na shasi ilichelewa.

Wauguzi walimchukua. Aliporudishwa, shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuliinua.

Mvua zilianza, gari likafunikwa turubai. Kwa wiki kadhaa Edith hakuligusa wala hakulizungumzia. Alimpikia mumewe, akamwosha, akampeleka kufungwa kidonda, na alimjibu alipoulizwa, basi. Kisha siku moja ya jua aliondoa turubai, akaupeleka mlango uliokatwa nyuma ya choo, akaanza kufinyanga kalibu mpya, ndefu kuliko ya kwanza kwa vidole vinne. Sylvain alitoka na magongo yake, akasimama mlangoni. Edith hakumwambia karibu, wala hakumfukuza.

Mlango mpya ulipokauka waliufunga pamoja, Edith akiubeba, Sylvain ameketi chini akikaza bulo za bawaba.

"Kiloko juu," Sylvain alisema. "Basi. Iache pale."

Edith alipitisha kidole kwenye ufa. Ulikuwa sawa. Sylvain aliinua macho kumtazama, akingoja neno.

"Sijasahau," Edith alisema.

"Najua."

"Vua kiatu."

"Ya nini?"

"Muguu uliobaki. Vua, nione."

Sylvain alitaka kusema mguu huo ni mzima, kisha akaacha. Alilegeza kamba, akavua kiatu, akanyoosha mguu juani. Edith alichuchumaa, akaushika kisigino, akatenganisha vidole kimoja kimoja, akatazama kati yake, akageuza unyayo na kuubonyeza kwa gumba.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

Sylvain alifumba macho, akajaribu.

"Hapana," alisema. "Pale sisikii."

Edith hakuuachilia mguu. Alimwita Jeannot, aliyekuwa akipita barabarani, alete pikipiki waende hospitali.