Simu ya Kujaribu

Fundi wa kompyuta aliingia na maboksi matatu, na Dada akawa anamfuata nyuma huku na huku, kama mtoto anayengoja nguo mpya ifunguliwe. Msimcheke. Wiki sita alikuwa amemuuguza mama yake bila kukanyaga ofisini, na leo ndiyo leo: ofisi inamfuata nyumbani.

"Meza tunaiweka wapi?" fundi aliuliza.

"Hapa, karibu na mlango wa chumba cha Mama. Nikiwa kazini nataka nimsikie hata akikohoa."

Mama alivunjika nyonga. Kila baada ya saa mbili anageuzwa, anaogeshwa palepale kitandani, na wa kumgeuza na kumwogesha ni Dada. Mdogo wake, Kitinda, kitinda mimba wa Mama, ana watoto watatu wadogo. Nani angemwambia ahamie kwa mgonjwa? Kitinda mwenyewe ndiye aliyeleta wazo la kufanyia kazi nyumbani. "Wewe kaa na Mama, dada yangu. Mimi nitakushikia meza yako mpaka Mama asimame. Ofisi haina miguu, haitakimbia." Na machozi alitoa. Jamani, kuna watu wana machozi ya akiba!

Na hiyo meza si ya mchezo. Dada alianza pale kampuni ya maji akiwa mpokea simu, akatukanwa na kila aliyekatiwa maji, miaka saba, mpaka masikio yakaota sugu, ndipo akapewa usimamizi wa kitengo cha simu, watu kumi na wanne chini yake. Kitinda aliingizwa na nani? Na yeye. Nani alimkalisha jikoni jioni baada ya jioni akamfundisha kumpoza mteja mwenye hasira? Yeye huyohuyo. Hata ofisini wote wanamwita Dada kwa kumwiga Kitinda. Cheo kile ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hakurithi wala hakuazimwa, na alikusudia kukirudia.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na maneno mengi. "Soketi yako imelegea kama jino la bibi," alisema, akatoa bisibisi akaikaza. Akapitisha waya wa intaneti ukingoni mwa ukuta, akaubana kwa misumari midogo ili mtu asijikwae. Akaweka skrini mbili, akamkalisha Dada kitini, akainua moja, akashusha nyingine. "Ziwe sawa na macho. La sivyo shingo itakulilia mwezi ujao."

"Usisahau hedifoni. Bila hedifoni mimi si mtu."

"Hedifoni hii hapa, mheshimiwa."

Wakacheka. Dada akaandika neno lake la siri. Skrini ya kwanza ikafunguka vizuri, foleni ya wateja hiyo hapo. Ya pili ndiyo aliyokuwa akiingoja, maana ndiyo ya msimamizi: unaona nani yuko kwenye simu, nani amekwenda chai na hajarudi, mteja gani amesubiri mpaka amechacha. Ikaja ya kijivu, tupu, na maneno mawili katikati: Huna ruhusa.

Fundi akazima, akawasha. Akabadili waya. Akazima tena. "Waya ni mzima, dada yangu. Ni mfumo haukutambui kuwa msimamizi."

"Basi mfumo una wazimu."

"Tuwaulize ofisini. Fomu yangu nayo inataka simu moja ya kujaribu laini, na msimamizi anithibitishie ngazi yako."

"Msimamizi si ndiye mimi!"

"Haya, atathibitisha aliyepo."

Akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie kama laini inakwaruza. Iliita mara mbili tu.

"Kitengo cha simu, msimamizi anaongea. Nikusaidie nini?"

Ni Kitinda. Dada akatabasamu. Mtoto huyu! Kushikishwa meza kidogo tu, tayari ameshajivika kilemba. Alifungua mdomo amtanie, lakini fundi alikuwa ameshaanza.

"Mimi fundi. Niko kwa huyu mwenzenu anayefungiwa vifaa nyumbani. Mfumo umemnyima ukurasa wa usimamizi. Nimwandikie ngazi gani?"

"Mpokea simu wa kawaida."

"Yeye anasema ni msimamizi."

Kitinda akacheka kicheko ambacho Dada alikijua tangu hakijaota meno. "Alikuwa. Aliomba mwenyewe kuacha cheo amuuguze mama. Barua yake ninayo hapa, na saini yake. Mimi nimethibitishwa tangu mwezi uliopita. Ila kaka, nakuomba, usimgusie. Tunamwambia polepole. Ana presha."

Presha! Dada hajawahi kuwa na presha tangu azaliwe. Labda aliipata palepale.

Barua gani? Akaikumbuka. Karatasi aliyoisaini ilikuwa moja tu. Kitinda alimkuta anamwogesha Mama, sabuni mpaka viwikoni, akamwekea karatasi juu ya mto: "Ni ya kuombea kompyuta, dada, weka saini upesi, gari linaningoja." Alijifuta mkono kwenye gauni, akasaini. Kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mpakaji ni damu yake mwenyewe. Amemzunguka! Mtoto aliyembeba mgongoni amemzunguka!

Fundi alikata simu. "Mimi ni fundi tu, dada yangu," alisema, akamsogezea fomu. Safari hii Dada aliisoma mstari kwa mstari, mpaka idadi ya misumari, ndipo akasaini. Fundi akaaga akiwa anaangalia viatu vyake.

Hazikupita dakika kumi, simu ya mkononi ikalia.

"Dadaaa! Fundi ameshamaliza? Laini inasikika vizuri?"

"Inasikika vizuri sana. Amepiga ya kujaribu sasa hivi. Umeipokea wewe."

Dada alingoja. Alingoja kusikia nisamehe, au umesikia vibaya, au hata uongo mwingine. Angalau uongo ni aibu ya aina yake. Kitinda hakutoa hata kimoja.

"Kwani Mama hajakwambia?"

Dada akaiweka simu mezani bila kuikata, akaingia chumbani. Mama alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Mama, ulijua?"

"Alinisomea karatasi yenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia akuletee wakati unaniogesha. Ungekuwa umetulia, ungeisoma."

Ya Kitinda yalikuwa yamemchoma, haya yalimmaliza.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ungerudi kwenye ukubwa wako, ungeniletea mtu wa kulipwa. Wa kulipwa angenigeuza kama gunia. Na mwenzako ana watoto wadogo, nyongeza ile ya mshahara itamfaa." Mama akamgeuzia uso, macho yamejaa machozi. "Kitinda asingeniweza, mwanangu. Wewe una moyo. Nilijua utanisamehe."

"Na mimi je? Mlipokaa mkanigawana, hakuna hata mmoja aliyeuliza, na huyu je?"

Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Dada akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga nzima, akamgeuza taratibu kama siku zote, akamwekea mto katikati ya magoti, akamnyooshea shuka. Mama akamshika kiganja, akakibana.

"Umenisamehe?"

Dada akakitoa kiganja chake.

"Kukugeuza nitakugeuza, Mama," alisema. "Kukusamehe, hapana."