Mamba wa Ukutani kwa Mama Orpa

Mji mzima wa Likasi, Kongo, hapakuwa na ukuta uliopigwa picha nyingi kuliko ule wa duka la unga la Mama Orpa. Aliyeuchora ni Blandine: mamba mzima, kutoka mlangoni hadi mtaroni, kinywa wazi. Kila Jumamosi aliwakusanya wageni wake hapo, akawatembeza kwenye kuta nyingine alizochora mjini, kisha wakapanda taksibasi kwenda mto Lufira, upande wa Koni, kutazama viboko na ndege. Ndiyo kazi iliyomlisha, na aliipenda.

Wageni walimsifia yule mamba, lakini hawakujua kwamba Blandine alipofika kwenye macho alikwama. Mamba wa Lufira aliwaona kwa mbali tu, wamelala kama magogo. Basi mkono ukaenda mahali unapopajua: akamtia mamba macho ya marehemu baba yake, Barthélemy. Picha za mzee zote zilikuwa zimeozea sandukuni, paa lilipovuja. Macho yale ukutani ndiyo pekee yaliyombakia ya baba yake, na hakumwambia mtu.

Sasa sikia balaa. Watu wa kikundi cha sala cha Mama Orpa wakaanza kunong'ona. Likasi hata mtoto mdogo anamjua mamba-muntu, kiumbe wa majini, nusu mtu, anayegawa utajiri leo na kudai roho kesho. Na mwaka ule unga wa Mama Orpa ulikuwa ukitoka vizuri mno. Watu wakajumlisha wenyewe.

"Ile nyama yako ya ukutani iko na macho ya muntu," Mama Orpa akamwambia Blandine. "Bantu banasema njo inaniletea makuta, hizi feza zote. Lundi napakaa chokaa."

Jumatatu! Blandine akahesabu siku. Chokaa ikipita, baba anakufa mara ya pili.

"Mama, mamba ni nyama tu," akasema. "Twende na siye Lufira, uione yenyewe. Ya nini kuandikia mate na wino ungalipo?"

Mama Orpa hakuwa mwoga. Jumamosi akaja, Biblia kwapani, chupa ya mafuta ya upako mkobani. Ndani ya taksibasi alikemea pepo kila kona, na wageni wakaitikia amina, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa mwendo wa dereva.

Mtoni walikaa sana. Viboko walipiga miayo, ndege wakavua samaki wao, jua likapanda. Halafu mamba mmoja akajivuta kutoka majini, akalala mchangani upande wa pili wa kijito kilichoingia mtoni, karibu kabisa. Wageni wakarudi nyuma. Mama Orpa, badala ya kukimbia, akavaa miwani na kusogea mbele. Jicho la mamba lilikuwa la manjano, na katikati ufa mwembamba mweusi.

"Huyu hana muntu ndani," akasema taratibu. Kisha akamgeukia Blandine. "Yako iko na muntu. Sema kweli mbele ya Mungu: ni nani?"

Loo! Blandine alikuja kumshinda mama huyu, kumbe mamba mwenyewe amemtolea ushahidi Mama Orpa. Machozi yakamtoka.

"Ni papa, baba yangu. Sina picha yake hata moja, mama."

"Barthélemy?" Mama Orpa akashika kiuno. "Weye mutoto! Barthélemy mwimbaji wa kanisa, umemutia mu kichwa ya mamba? Akili yako iko wapi?" Akapumua. "Bon. Lundi chokaa itapita. Ila macho usiguse. Umutoshe papa yako inje ya ile mamba, umufanye muntu."

Jumatatu ukuta ukawa mweupe, na katikati macho mawili peke yake. Wapita njia wakafanya ishara ya msalaba, na mwendesha baiskeli mmoja nusura aingie mtaroni. Blandine akashika kipande cha makaa, akaanza pua. Akafuta. Akaanza tena, akafuta. Akajaribu mdomo. Wapi! Akaketi juu ya ndoo na kulia waziwazi.

"Nimemusahau papa," akasema. "Miye mutoto yake, nimemusahau!"

Mama Orpa alikuwa dukani akipima unga. Kwenye mizani ile ile alimpimia Barthélemy unga wa bukari, yaani ugali, kila mwisho wa mwezi, miaka na miaka, wakitazamana uso kwa uso. Akajifuta mikono, akatoka, akasimama mbele ya ukuta.

"Shika makaa," akasema. "Pua ilikuwa pana, lakini hapa juu ilivunjika kidogo. Hapana, teremusha. Njo vile. Sasa mudomo: akicheka, ulianza upande huu."

Blandine akachora. Dukani mteja akaita, anataka unga. Mama Orpa akamwambia angoje.